Kupokea kwa Mkono Mmoja

"Waingereza miguu wanayo, mikono hawana," alisema Mzee Machibya, macho kwenye runinga ambayo baba yangu aliinunua mwaka ule wanunuzi binafsi walipoingia kwenye biashara ya pamba. "Hizi mbio za kupokezana, kijiti watakiangusha tu. Nani anapokea kitu kwa mkono mmoja, tena bila kugeuka?"

Alikuwa amekuja Bariadi kunipima adabu, kabla hajataja ng'ombe wa mahari atakaotoa ili mwanawe anioe.

Nilipiga magoti nyuma ya kiti chake nisimzibie runinga, kikombe kikiniunguza viganja vyote viwili.

"Karibu chai, baba."

Mwingereza wa mwisho alichomoka. Mzee akanyoosha mkono nyuma, vidole wazi, hakugeuka.

Kwenye runinga, kijiti kilifika salama.

Kikombe sikukiachia.

"Geuka kwanza, baba."