Mkeka Uliofunuliwa

Simu iliita mara moja tu, Fuatino akaipokea. Alikuwa Lagi, jirani wa nyumba ya tatu.

"Shoga, wamenipita! Wawili, na sare zao, viatu vinang'aa utadhani wanakwenda harusini. Wanasoma namba za milango. Jifungie, jifanye hupo!"

Fuatino alizima jiko. Wiki iliyopita polisi waliwachukua Wasamoa wenzake wanne wa mtaa huo, kosa lao kupiga kura. Alaska walikoishi ni Marekani, na Pago Pago, kisiwani Samoa walikozaliwa, inapeperusha bendera hiyohiyo, lakini mzaliwa wa Pago Pago hahesabiwi kuwa raia. Nani alijua? Kwa Kisamoa raia ni mtu wa hapa, basi, na wao walikuwa watu wa hapa, wakipasua samaki kiwandani miaka kumi na miwili.

Kwenye fomu ya mpiga kura ya mwanawe Peniamina, naye mzaliwa wa Pago Pago, Fuatino ndiye aliyetia alama penye neno raia. Kijana alitia sahihi bila kusoma, akapiga kura, akaenda zake kazini mbali. Sasa angefungwa kwa kosa la mama yake.

Hakujifungia. Alitoa kabatini mkeka mwororo wa bibi yake, akatoka nje, akapiga magoti kwenye theluji na kujifunika gubigubi. Ndivyo mkosaji anavyoomba radhi kwao. Aliyekosewa akiufunua mkeka, amesamehe. Asipoufunua, liwalo na liwe.

Hatua zilikaribia, zikasimama.

"Wewe ndiye mama yake Peniamina Faleafa?"

"Ndimi. Alama niliitia mimi! Mtoto hakusoma hata neno moja. Nichukueni mimi, yeye mwacheni na kazi yake."

Mmoja alikohoa.

"Mama, baridi ni kali. Tuingie ndani, ukae."

"Siingii! Kama mna roho za mawe, semeni nijue."

Mtu alipiga magoti kando yake. Mkono ukaushika mkeka, ukaufunua taratibu. Fuatino alishusha pumzi, machozi ya furaha yakamtoka. Amesamehewa. Mwanawe amepona.

Aliyepiga magoti alikuwa na kimsalaba cha kasisi wa jeshi kwenye kola, kofia yake kwapani.

"Peniamina aliuawa vitani juzi, mama," alisema. "Ukiridhia, serikali itamwandika raia kuanzia siku aliyokufa."