Sikio la Mfukoni

Lorne Zinck aliifunika simu ya Morag kwa mto wa kochi, kisha akaukalia ule mto kwa uzito wake wote.

"Sasa sema," alinong'ona. "Lakini polepole."

Morag Boutilier alimtazama mkuu huyo wa usalama wa maabara yao, akajiuliza kama uzee umeshamfikia kichwani. Simu ilikuwa ya kazini, mpya kabisa. Alikuwa amemletea tu aikague, maana ilipata joto bila kutumiwa na chaji haikufika hata mchana.

"Humu mna programu ya kijasusi," Lorne alisema. "Kuna mtu anakusikia kila unachosema. Anajua kila unakokwenda."

"Nani huyo?"

"Ningemjua ningekuwa nimemkalia yeye."

Maabara yao ilikuwa Dartmouth, ng'ambo ya bandari ya Halifax, na kazi yake ilikuwa kutengeneza vifaa vya kunasa sauti za nyambizi. Simu hazikuingia ndani. Kila mtu aliiacha ya kwake kwenye kisanduku cha mlangoni. Lakini nje ya mlango ule Morag alikuwa na mdomo kama watu wengine: kwenye kivuko, kwenye gari, nyumbani.

"Basi ni hao wenye nyambizi tunazozinasa," alisema Morag. "Mungu wangu, Lorne. Amenisikia hata nikiimba bafuni?"

"Kama ana masikio."

"Basi ameshapata adhabu yake. Tuwaambie Toronto?"

"Thubutu! Makao makuu watakufukuza kwanza, waulize baadaye. Na mwenye kampuni, Whitcombe, anasema maabara hii imezeeka, haina wazo jipya. Anatafuta kisingizio tu cha kuifunga."

Morag alikuwa ameingia maabara ile akiwa msichana, na hakujua pengine pa kwenda.

"Nikiifuta hiyo programu, atajua tumemshtukia na ataingia kwa njia nyingine," Lorne aliendelea. "Iache. Ila kuanzia leo mlishe uongo."

"Mimi? Uongo siujui."

"Baba yako si alikuwa mvuvi? Samaki aliyemponyoka aliwahi kuwa mdogo hata siku moja?"

Kesho yake mchana walikaa kwenye gari la Morag wakila samaki na chipsi, simu imelazwa katikati yao. Lorne alianza kusema habari za theluji. Morag akamkatiza.

"Wale kambakoche wetu wanaendeleaje?"

Lorne alipaliwa. Alikohoa mpaka akatokwa machozi. "Wale... hawajambo."

"Nasikia yule dume mkubwa juzi amenasa sauti ya nyambizi ikiwa bado mbali huko baharini, chombo chetu kikubwa hakijaisikia."

"Ni yale masharubu," Lorne alisema, akifuta macho. "Mashine gani itayaweza masharubu yale?"

Baada ya siku hiyo hawakushikika. Kambakoche wakapewa vyeo. Wakapewa likizo ya kujivua gamba. Mmoja, Kapteni Gladys, aligoma kabisa kwenda zamu.

"Anataka nini?" Lorne aliuliza, amejiziba mdomo kwa skafu.

"Anataka uhamisho. Mumewe yuko kikosi cha kaskazini."

Walicheka kimyakimya mpaka gari likatikisika. Hata nyumbani, peke yake jikoni, Morag aliisimulia simu taabu za Gladys huku akikoroga supu. Hofu ilimtoka. Alilala vizuri kuliko zamani. Na habari zile hakumwambia mwingine yeyote, wala Lorne hakumwambia mtu; ni wao wawili na ile simu tu.

"Punguza chumvi, dada," Lorne alimwonya siku moja, simu ikiwa chini ya mto. "Hakuna mjinga wa kuamini haya."

"Kajitakia mwenyewe kusikiliza," Morag alijibu. "Acha asikilize."

Desemba wafanyakazi wote waliitwa kwenye chakula cha jioni hotelini. Whitcombe alikuja mwenyewe kutoka Toronto, jambo ambalo hakuwa amelifanya kamwe. Watu walivaa nguo nzuri na nyuso za msibani. Aliomba Morag aketi kando yake. Wakadhani ni kwa kuwa ndiye mkongwe wa kazi. Morag mwenyewe alidhani ndiye wa kwanza kuachishwa kazi.

Whitcombe alisimama, akakohoa kidogo.

"Nimebadili mawazo," alisema. "Maabara ya Dartmouth haifungwi. Tunaipanua. Kuna mambo yanafanyika hapa ambayo dunia haijawahi kuyaona."

Ukumbi ulilipuka kwa vigelegele. Viti vilianguka. Lorne, mzee mzima, alilia waziwazi mbele ya watu. Morag alipiga makofi mpaka viganja vikawaka moto, hajui ni mambo gani hayo, wala hajali.

Ndipo wahudumu wakaingia na sahani. Kila mtu aliwekewa kambakoche mzima, mwekundu, na kibakuli cha siagi iliyoyeyushwa.

Whitcombe alimtazama wa kwake. Rangi ikamtoka usoni. Aliisogeza sahani pembeni taratibu, kwa heshima, akainama sikioni mwa Morag.

"Hawa, mama," alinong'ona, "ni wale waliostaafu?"