Mbili ya Sajini

"Maumivu ya mgongo leo, afande? Sifuri hadi kumi," mtafiti wa dawa akauliza.

"Mbili," akajibu sajini mstaafu, kama alivyojibu kila mwezi.

Mtafiti akaweka kalamu chini. "Wanajeshi wastaafu wote hamsini mlisema mbili kabla ya dawa, na mbili baada ya dawa. Kwa hesabu hiyo dawa haifai kitu. Mwezi ujao tunafunga utafiti."

Sajini akakaza shingo. Kambini, aliyetaja maumivu zaidi ya mbili alibandikwa jina la Bibi Harusi mpaka alipostaafu.

"Mbili ya nani, baba watoto?" mkewe aliyeketi kando yake akaangua kicheko. "Mwaka jana, kabla ya dawa, si mimi niliyekuwa nikikufungia viatu?"

Sajini akatazama viatu vyake. Kamba zilikazwa mafundo mawili mawili, kijeshi. Asubuhi ile aliinama akazifunga mwenyewe, wala hakuwaza lolote.

"Mwaka jana ilikuwa tisa," akasema. "Leo..." Akachezesha vidole ndani ya kiatu. "Leo ni nne. Andika."

Mtafiti akaidaka kalamu.

"Na hao mabibi harusi arobaini na tisa," sajini akatoa simu mfukoni, "niachie mimi."