Pole ya Bi Saumu

Tangu neno pole lianze kuhamisha maumivu, watu walikuwa wachoyo nalo. Ukimpa mwenzako pole, sehemu ya maumivu yake inakuwa yako. Basi mtu akijikwaa barabarani, wapita njia walijifanya wanatazama mawingu.

Lakini siku ya kumuenzi Bi Saumu, aliyevunjwa bega miaka mingi nyuma akitetea kisima cha mtaa, uwanja ulifurika. Ngoma zikalia, pilau ikapakuliwa, watu wakapanga foleni ndefu. Zamu ya Mbeyu ilipofika, akamshika mkono yule bibi.

"Pole, bibi."

Bega lake mwenyewe likamchoma.

"Nishapoa," Bi Saumu akajibu, kama anavyojibu kila mtu. Kisha akashtuka, akauinua mkono hadi juu ya kichwa. "Jamani, nishapoa kweli!"

Vigelegele vikarindima.

Jioni, Mbeyu alipoepua sufuria, bega likamchoma tena, akairudisha jikoni. Binti yake Dama akamkimbilia.

"Mama, po—"

Mbeyu akamziba mdomo. "Mimi niambie hongera, mwanangu."

"Hongera, mama," Dama akasema. Lakini alikuwa akilipapasa lile bega, na midomo yake ikaendelea kucheza bila sauti.