Viatu Vimemkaa

Kitu cha kwanza msusi alichokitoa kwenye boksi kilikuwa simu mpya ya kioo. Hakuiwasha. Aliizamisha kwenye ndoo ya mchele mpaka ikapotea machoni, akafunika.

Boksi lilitoka ng'ambo, kwa mdogo wake, aliyekwenda kulea watoto wa watu ili wa kwake asikose kitu. Lilinukia sabuni ngeni. Msusi alitoa gauni, sweta, halafu viatu vyekundu vya mkanda. Hapo akakaa chini.

Binti wa miaka sita alikuwa mkekani akimtazama.

"Njoo ujaribu," msusi alimwambia.

Vilimkaa sawasawa. Mtoto alizunguka chumba akijitazama miguu, akajikwaa kwenye makopo ya mafuta ya nywele, akacheka pengo lote nje.

Simu kuukuu ya vitufe iliita. Msusi hakuhitaji kutazama ni nani. Siku ya boksi mdogo wake hana subira hata ya kuazima.

"Dada, mmefungua? Washa basi hiyo simu nimwone uso. Leo sibanduki hapa!"

"Imeingia maji njiani. Nimeiweka kwenye mchele ikauke."



"Nina mkosi mimi. Haya, viatu je?"

"Vimemkaa kama alipimiwa."

"Na kile kifua chake?"

Msusi alifumba macho.

"Hakimsumbui tena."

"Mungu mkubwa! Nipe niongee naye."

Msusi alimpa mtoto simu, akamshika bega.

"Shikamoo, mama. Asante kwa viatu."

"Marahaba, roho yangu! Mbona sauti imebadilika hivyo?"

"Meno yameng'oka."

Kule ng'ambo mama alicheka, akalia, akacheka tena, mpaka mtoto akaona haya na kumrudishia msusi simu.

"Dada, nilitaka niwashtukize, ila limenishinda kulificha. Tajiri kaniruhusu. Ijumaa naja! Usimwambie, nataka nimkute hajui."

Msusi alifungua kinywa amwambie. Akashindwa, kama alivyoshindwa kila mara simu hiyo ilipoita. 

"Njoo salama, mdogo wangu," akasema.

Simu ilipokatika alimvua mtoto viatu, akavifuta vumbi kwa upindo wa kanga na kuvirudisha kwenye boksi. Kisha akamshika mkono wakatoka. Walipita uchochoroni, wakiruka madimbwi ya maji ya kufulia, hadi nyumba ya tatu. Mlangoni, mama mzazi wa mtoto huyo alikuwa akianua nguo.

"Umemwambia leo?" aliuliza, akimpokea mwanawe.

"Anakuja Ijumaa."

Mama aliacha kuanua. Alimvuta binti yake akambana kifuani.

"Shoga yangu, sasa utamtoa uwanja wa ndege umpeleke wapi? Makaburini?"