Mashine Imejaa

Zuhura hakuwa na mume tena, hakuwa na jenereta, wala karani wa kumsaidia kuchapa barua za watu pale karibu na bandari ya Kalemie. Alikuwa na kompyuta moja, na mdogo wake wa kiume aliyejua kuitengeneza.

Leo mashine ilikwama katikati ya barua kwa watu wa Kirungu, ambako mdogo wake alikuwa akiposa. Wazazi wa binti walitaka neno la dada: kijana ni mwaminifu?

Akaipeleka kwa fundi mwingine. Fundi alifungua kifuniko, akaweka kidole kwenye kishimo chembamba kilichokuwa kitupu. Pande zote kulikuwa na vumbi. Mle ndani ya kishimo mlikuwa safi.

"Mama, hapa palikuwa bareti mbili, vipande vya memori. Mutu amechomoa moja."

"Mdogo wangu tu njo alikuwa anaifungua. Alisema mashine imejaa, nifute video za marehemu mume wangu iwe nyepesi."

"Video zinakaa kwenye diski, Mama, kama nguo kabatini. Bareti njo meza ya kazi. Meza ikipunguzwa, hata ukimwaga kabati lote, kazi haiendi."

"Zile video zinaweza kurudi?"

"Hapana, Mama. Umekwisha kuandika barua za watu juu yazo."

Zuhura alikitazama kile kishimo. Siku ile alizifuta huku akilia, na mdogo wake akamshika bega.

Akaomba karatasi na kalamu. Aliwaandikia wazazi wa binti mistari minne kwa mkono, akalamba bahasha, akaifunga, akampa nahodha wa boti la Moba, bandari ya watu wa Kirungu.