Mshale wa Kushoto

Injini ya kushoto ilinguruma hadi lami ikatetemeka, lakini mshale wake wa kupimia mwendo ulilala kwenye sifuri.

"Zima!" fundi Semisi alimpungia rubani.

Muuguzi Ngaire alitazama saa yake. Alikuwa amekuja na ndege hii asubuhi kutoka Auckland kumchukua Lupe, mtoto wa miaka sita mwenye moyo uliochoka. Mtoto alikuwa kwenye banda la uwanja, juu ya machela, na bibi yake. Mtungi wake wa oksijeni nao ulikuwa na mshale. Huo haukulala, ulikuwa unashuka. Mitungi iliyobaki ilitosha njia tu, si kungoja hapa kisiwani Vavau.

"Bibi, baba yake yuko wapi? Bila sahihi yake kwenye fomu hii simpakii."

Bibi alikaza kiunoni mkeka wake, vazi la heshima la kisiwani. "Atasaini. Mpe muda."

"Basi kamsihi yule fundi aharakishe!"

"Yule? Akishika spana hasikii la mtu."

Ngaire akatoka mbio mwenyewe. "Kaka, injini inanguruma, huisikii?"

"Naisikia. Ila haijaniambia inazunguka mara ngapi." Semisi aliongea huku akifungua skrubu. "Mle ndani kuna gurudumu la meno. Kila jino likipita mbele ya sumaku, umeme unapiga mara moja. Tunahesabu mapigo. Bila hesabu, rubani ataizidishia mwendo, impasukie juu ya bahari."

Akahamisha kipimo cha kushoto kulia, na cha kulia kushoto. Ugonjwa ukihama, mkosaji ni kipimo. Injini zikawashwa. Kulia, mshale ukapanda. Kushoto, sifuri.

"Basi ni waya," alisema, akaanza kuufuata kwa vidole, shubiri kwa shubiri.

"Saini tu kitabu cha ndege kwamba ni nzima, twende! Nani atajua?"

"Mimi."

"We huna mtoto, eh? Una chuma tu hapo kifuani!"

Vidole vya Semisi vikasimama, kisha vikaendelea. "Anapumua bado?"

Hiyo ilikuwa mara ya tano kuuliza, na hata mara moja hakugeuka kutazama bandani.

Ngaire akageuka mbio. Alirudi kwa mtoto. Midomo yake ilikuwa imeanza kuwa ya bluu, na mtungi ulikuwa na dakika ishirini.

Zilipobaki tisa, Semisi aliukuta waya: ulikuwa umelika na kukatika chini ya kibanio. Akauunga. Injini ikawashwa. Mshale ukashtuka, ukapanda asilimia kumi, ishirini, ishirini na nne, ukatulia.

Fundi akasaini kitabu cha ndege. Machela ikasukumwa hadi mlangoni mwa ndege, bibi nyuma yake.

"Na huyo baba!" Ngaire alipiga kelele, fomu ikipepea mkononi. "Baba gani huyu, mtoto anakufa, yeye hata hajatokea?"

Semisi alipangusa grisi kwenye suruali, kalamu ile ile ikiwa bado mkononi.

"Nionyeshe pa kusaini," alisema, na ndipo alipomtazama Lupe.